Majani ya Paka wa Ndani

Leo hatutazungumzia mbolea wala palizi. Tutazungumza juu ya kilimo kidogo kuliko vyote, kilimo cha kwenye kopo, na anayelimiwa ni paka. Najua wapo watakaocheka. Watasema, mahindi yenyewe yanatushinda, sasa tumpandie na paka! Haya, chekeni, lakini msiondoke karibu na redio, maana katika jambo hili dogo pana hatari moja ambayo si ndogo. Mtu anaweza kumpandia paka wake majani kwa nia njema kabisa, akamwua kwa mbegu aliyoitumia.

Kwanza tuelewane ni paka gani tunayemsema. Paka anayezurura uani hana haja ya kulimiwa. Atajitafutia mwenyewe ukoka au nyasi nyingine laini pembeni ya nyumba. Tunayemsema ni yule aliyefungiwa. Na paka wa kufungiwa hawako mjini tu, kwenye vyumba vya ghorofani. Hata vijijini wapo. Paka mgeni, uliyepewa na jirani ili aje kulinda ghala lako, yafaa umfungie wiki mbili hadi tatu kabla hujamwacha atoke, la sivyo atarudi alikotoka. Jike mwenye watoto wachanga hufungiwa. Tena siku hizi kuna sumu za panya kila duka, na paka akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa, damu yake ikikosa kuganda. Kwa hiyo wako wakulima ambao, wakisikia jirani ametega sumu, humweka paka wao ndani ya ghala usiku na mchana mpaka hatari ipite. Na huko nje nako, kama shamba la karibu na nyumba limepigwa dawa ya magugu au ya wadudu, nyasi zake si za kumwachia paka azitafune.

Basi paka huyo, akishakaa ndani siku kadhaa, utamwona anaanza kutafuna vitu. Leo kamba ya katani, kesho ua la mama kwenye chungu, keshokutwa mfuko wa plastiki. Watu husema huyu paka ana njaa, au ana tabia mbaya. Mara nyingi anachotafuta ni jani.

Sasa, kwa nini mnyama mla nyama anatafuta jani? Wazee wetu wengi wanasema paka hula nyasi akiwa mgonjwa, ili atapike. Kutapika ni kweli anatapika, kila mwenye paka amefuta sakafu. Lakini kuhusu ugonjwa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, pale Davis, nchini Marekani, waliwauliza watu zaidi ya 1,000 wanaokaa na paka, na mwaka 2019 wakatoa matokeo. Kiasi cha paka saba katika kila kumi walikuwa wameonekana wakila majani mara sita au zaidi. Waliotapika mara kwa mara baada ya kula walikuwa kama robo tu. Na karibu tisa katika kila kumi hawakuonekana kuwa wagonjwa kabla ya kula. Kwa hiyo paka mzima kabisa hula majani, na wengi hula wasitapike.

Maelezo wanayoyatoa wataalamu hao ni kwamba hii ni tabia ya kurithi. Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, yule ambaye mpaka leo anaishi katika mbuga na mapori yetu, na ambaye chakula chake ni panya, ndege na mijusi. Panya hao wana minyoo. Nyasi, kwa kuwa tumbo la paka haliwezi kuzisaga, hupita nzima nzima na kuufanya utumbo ujikaze na kusukuma mbele vilivyomo, na minyoo wengine hutoka humo. Paka wa leo, hata asipokuwa na mnyoo hata mmoja, bado ana hamu ile ile ya babu zake.

Na jambo hili lina ushahidi hapa hapa Tanzania, ingawa si kwa paka. Mwaka 1983 wataalamu wawili, Richard Wrangham na Toshisada Nishida, waliandika juu ya sokwe wa Gombe na wa Mahale, huko Kigoma, ambao huchuma majani yenye vinyweleo vya kukwaruza, wakayakunja ulimini na kuyameza bila kuyatafuna, kama mtu anavyomeza kidonge. Baadaye Michael Huffman na wenzake walichunguza kinyesi cha sokwe wa Mahale wakakuta majani hayo yametoka mazima, yamekunjika vile vile, na minyoo pamoja nayo. Mnaona, basi. Mnyama porini ana maarifa yake.

Lakini ndugu mkulima, hapo usije ukafika ukasema, vizuri, nimempandia nyasi, sasa sinunui dawa ya minyoo. La, hasha. Paka anayekula panya hupata tegu, na utamjua kwa vipande vyeupe mfano wa punje za mchele vinavyoganda kwenye manyoya chini ya mkia. Huyo anataka dawa kutoka kwa bwana mifugo, kwa kipimo cha paka. Usimkadirie kwa dawa ya ng'ombe.

Vile vile majani si chakula chake. Paka hawezi hata kugeuza rangi ya majani kuwa vitamini A mwilini kama tunavyofanya sisi tukila mchicha. Yeye huipata kwenye nyama, maini na samaki. Na kuna kitu kiitwacho taurini, kimo katika nyama na samaki, ambacho paka akikikosa muda mrefu macho yake huharibika hata kupofuka, na moyo wake hulegea. Paka wa kulishwa ugali mtupu siku zote, eti ili awe na njaa ya kukamata panya, ni paka anayeharibiwa polepole. Mpe dagaa. Paka aliyeshiba kiasi huwinda vizuri tu, kwa sababu kuwinda ni tabia yake, hakungoji njaa.

Haya, sasa tuje kwenye mbegu, na hapa naomba usikivu wenu.

Majani yanayomfaa paka ni machipukizi ya nafaka, yale majani ya kwanza kabisa, laini. Bora kuliko zote ni ngano, na shayiri nayo ni nzuri. Sasa mkulima akisikia ngano au shayiri, na akakumbuka kwamba alibakiza mbegu kidogo ya msimu uliopita, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye ule mfuko wa mbegu wa dukani. Usiuguse! Mbegu ya dukani mara nyingi imepakwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu. Ndiyo maana ina rangi, nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu. Rangi ile imewekwa makusudi ili mtu asije akaipika. Dawa hiyo inakuwa imeganda kwenye ganda, na nyingine huingia mpaka ndani ya mche wenyewe, kwani imetengenezwa ifanye hivyo, ilinde mche usiliwe na wadudu. Mche usiofaa kuliwa na mdudu utamfaaje paka? Na paka halali jani peke yake. Hung'oa mche pamoja na punje yake, akatafuna vyote.

Kuiosha haisaidii. Utaondoa rangi, dawa itabaki.

Hatari ya pili ni nafaka ya ghalani mwako mwenyewe, ile uliyoichanganya na dawa ya unga kuzuia fukusi na dumuzi. Hiyo haina rangi ya kukuonya. Baadhi ya dawa hizo zina permethrini ndani yake. Binadamu na mbwa wana namna ya kuivunjavunja permethrini kwenye ini, lakini ini la paka halina uwezo huo. Kiasi ambacho mbwa hakisikii, paka kinamtetemesha mwili mzima, kinampa degedege na kumwua. Hii ni sababu pia ya kutomnyunyizia paka dawa ya viroboto ya mbwa, na kutomfungia ndani ya ghala siku unayochanganya dawa. Mwache kwanza vumbi litue, ufagie.

Basi mbegu ya kutumia ni ipi? Ni nafaka ya kula, ambayo unajua kwa hakika haijaguswa na dawa yoyote. Wa Karatu, Hanang, Makete na West Kilimanjaro, au ndugu zetu wa Narok na Njoro kule Kenya, hawana shida, ngano wanayo. Watenge kikombe kimoja wakati wa kupura, kabla ya kutia dawa, wakiweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kikombe kimoja kitawatosha miezi mingi. Wengine wanunue ngano nzima sokoni, wamwulize muuzaji kama imetiwa dawa, na asipokuwa na jibu, watafute kwa mwingine.

Ndugu zetu wa pwani nao watasema, ngano tunayo, ya boko boko. Angalieni sana: ngano ya boko boko mara nyingi imekobolewa, na punje iliyokobolewa imejeruhiwa pale penye kiini. Nyingi zitaoza badala ya kuota. Ni hivyo hivyo kwa shayiri nyeupe ya kupikia uji. Inatakiwa punje yenye ganda lake. Pwani na mabondeni kuna njia nyingine rahisi, nayo ni mpunga, ule ambao haujakobolewa. Huota vizuri penye joto. Ila jani la mpunga likikua lina makali pembeni, kwa hiyo mpe paka likiwa bado changa.

Mahindi siyapendekezi. Jani lake ni pana na nene, halafu ndiyo nafaka inayotiwa dawa kuliko zote katika maghala yetu.

Na mtama, usiuotesha kabisa kwa kazi hii. Wafugaji wa Dodoma na Singida wanaujua mtama mchanga, hasa ule unaochipua upya baada ya ukame. Ng'ombe akiuvamia anaanguka. Mche mchanga wa mtama una kitu ambacho kikitafunwa huzaa sayanidi, sumu ile ile inayopatikana katika muhogo mchungu, na kadiri mche ulivyo mchanga ndivyo sumu ilivyo nyingi. Sasa sisi tunachompa paka ndiyo huo mche mchanga. Mtama uachieni ugali na togwa.

Kabla ya kupanda, jaribu mbegu yako. Chukua punje 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya bakuli lililofunikwa, siku tatu. Zikiota 15 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota chini ya 10, tafuta nyingine, kwani zile zisizoota ndizo zitakazoleta uvundo na ukungu kwenye kopo.

Chombo hakina masharti. Kopo la maziwa la kilo moja linafaa, sufuria iliyotoboka inafaa, hata nusu ya kibuyu. Kitu kizito ni bora, kwa sababu paka huvuta jani kwa nguvu, kopo jepesi ataliangusha na udongo wote utakuwa sakafuni. Ukitumia kopo, tia mawe mawili chini. Toboa matundu manne au matano kwa msumari ili maji yatoke, na ulainishe ukingo wa kopo kwa kuugongagonga, usije ukamkata ulimi. Lililowahi kutiwa dawa ya shamba lisitumike hata likisuguliwa na majivu.

Udongo uwe wa kawaida, mwepesi, uchanganywe na mchanga kidogo, kina cha sentimita tano hadi saba. Mbolea haihitajiki. Punje ina akiba yake ya chakula, na jani litaliwa kabla akiba hiyo haijaisha. Usichukue udongo kwenye shamba lililopigwa dawa ya magugu, wala pale ambapo paka hujisaidia. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mimba, kwa hiyo mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya kushika udongo huo.

Loweka mbegu jioni, asubuhi mwaga maji. Mpunga uloweke siku nzima na usiku. Kisha tandaza punje juu ya udongo, na hapa mkulima hodari itabidi asahau kanuni zake za nafasi kati ya mche na mche. Zipange kwa wingi, zikaribie kugusana, kwa sababu hatutafuti suke, tunatafuta zulia. Funika kwa udongo wa nusu sentimita, nyunyiza maji mpaka yaanze kutoka kwa chini, halafu funika kopo kwa kipande cha gunia kibichi, uliweke kivulini. Gunia hilo nalo lisiwe lililobeba mbolea au mbegu yenye dawa.

Siku ya pili au ya tatu utaona ncha nyeupe. Ondoa gunia, weka kopo kwenye mwanga, dirishani au mlangoni mwa ghala, lakini si pale ambapo bati na jua la saa nane vitalichoma. Baada ya hapo nyunyiza kidogo asubuhi tu. Watu wengi wanaharibu hapa. Wanamwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa huruma, na baada ya siku nne kopo linanuka.

Kuna jambo linalowatisha wanaoanza. Siku ya tatu utaona nyuzi nyeupe laini kama pamba kuzunguka mizizi, utasema ni ukungu. Mara nyingi ni vinyweleo vya mizizi tu. Namna ya kupambanua ni hii: nyunyiza maji. Vinyweleo vya mizizi hulala na kutoonekana, na vimekaa kwenye mzizi peke yake. Ukungu wenyewe hutambaa juu ya punje na juu ya udongo, una rangi ya kijivu, kijani au nyeusi, na una harufu ya kitu kilichovunda. Kopo lenye ukungu usimpe paka, wala usimpe kuku. Lizike, osha chombo kwa maji ya moto, anza upya.

Majani yakifika sentimita kumi hivi, yaani kimo cha kidole kirefu na zaidi kidogo, ambayo ni kama siku ya nane hadi ya kumi penye joto, na zaidi kidogo kule kwenye baridi ya Makete, mwekee paka. Mwekee mbali na mchanga wake wa kujisaidia. Siku nyingine atakula kama mbuzi, siku nyingine atayanusa na kwenda zake. Hakuna kipimo, na usimlazimishe. Akitapika majani na manyoya mara moja, kisha akaendelea na maisha yake, hakuna neno. Lakini akitapika mara nyingi kwa siku, akitoka mate na kutetemeka, akitapika damu, au akakataa chakula zaidi ya siku moja, huyo si wa majani tena, huyo ni wa bwana mifugo, na ukienda mwambie umetumia dawa gani nyumbani na ghalani. Vile vile paka akianza kupiga chafya mfululizo na kutoa kamasi tundu moja tu la pua, huenda jani limekwama nyuma ya pua. Ndiyo sababu tunapenda jani changa. Nyasi ngumu, hasa zenye masuke na miiba, ndizo zinazokwama.

Kopo moja hudumu wiki mbili, pengine tatu, kisha majani huwa magumu na ya njano. Panda la pili wiki moja baada ya la kwanza, upate kubadilishana. Kwa namna hiyo utapita kiangazi chote, pale ambapo hata huko nje hakuna jani bichi.

Na wakati unampa la kwake, ondoa yale yasiyo yake. Maua ya yungiyungi, yale makubwa yenye harufu kali yanayoletwa kwenye arusi na misiba, ni sumu kali mno kwa paka. Hata unga wa ua ukimdondokea manyoyani naye akajilamba, figo zinaweza kufa katika siku chache. Nyumba yenye paka isiwe na ua hilo hata kwenye chupa. Mnyaa una utomvu unaounguza mdomo na macho. Mbegu za mbono zisianikwe mahali anapolala. Mchaichai paka wengi huupenda, lakini mafuta yake yanaweza kumsumbua tumbo. Usimpandie badala ya ngano.

Kopo lililochoka, kama halina ukungu, ling'oe lote kwa pamoja, litatoka kama keki, mizizi imefungamana na udongo. Watupie kuku. Watalichambua lote kwa dakika chache, na wewe utapata kopo lako tupu la kupandia tena.